Inchi 4 Mbele, Inchi 7 Nyuma

Magari ya Mercury ya mwaka 1949 hadi 1951 yalitoka kiwandani yakiwa na bodi nene ya mviringo, mabega mapana, na paa la kumfaa abiria asiyetaka kuvua kofia. Kwa baba wa familia lilikuwa gari zuri. Kwa vijana wa Los Angeles, paa lile lilikuwa kubwa mno, na walijua msumeno ungelifanya nini.

Kukata paa hakukuanza na Mercury. Tangu miaka ya 1930 vijana wa kusini mwa California walikuwa wakishindanisha magari kwenye maziwa yaliyokauka ya jangwani, Muroc na baadaye El Mirage. Kimo cha gari hushindana na upepo, kwa hiyo walikata nguzo za paa za Ford zao, wakatoa kipande na kuziunganisha upya. Nguzo za Ford za wakati ule zilikaribia kusimama wima, na sehemu ya juu ilikutana na ya chini bila taabu kubwa. Haukupita muda mrefu, hata wasiokuwa na mbio za kukimbia wakataka paa la chini, kwa sababu lilipendeza. Huko Sacramento, fundi Harry Westergard alikuwa miongoni mwa walioanza kulifanya jambo hilo kwa ajili ya umbo tu, na katika gereji yake alijifunza kijana mmoja wa asili ya Kigiriki aliyeitwa George Barris.

George alihamia Los Angeles, na vita vilipokwisha kaka yake Sam, aliyekuwa mwanamaji, akamfuata. Kazi waligawana bila kuandikiana mkataba: George alikuwa na maneno, kamera na urafiki na wahariri wa magazeti ya magari, Sam alikuwa na mikono. Dunia ilikuja kumjua George, hasa baada ya gari la Batman alilolitengeneza kuonekana kwenye televisheni mwaka 1966. Lakini ukitaka kujua nani alilipa paa la Mercury umbo lake, tafuta habari za Sam.

Alinunua Mercury ya 1949 akaikata ikiwa bado karibu mpya, na ni miongoni mwa za kwanza za aina hiyo kukatwa. Wengi hawakuthubutu, kwa sababu nguzo za Mercury zimelala kuelekea ndani. Ukiondoa kipande na kushusha paa moja kwa moja, ncha za juu hazikutani na za chini. Paa linakuwa fupi na jembamba kuliko bodi inayolibeba. Inabidi kulipasua na kulirefusha kwa bati, au kulaza nguzo, au vyote viwili. Kioo cha mbele, chenye tabaka mbili zilizogandishwa pamoja, kinakatika kwa uangalifu. Kile cha nyuma kimepinda, nacho hulazwa zaidi ili kifuate mteremko mpya.

Halafu ni kuziba maungio. Wakati huo mafundi hawakupaka plastiki. Walitumia aloi ya risasi na bati. Ikipashwa moto wa gesi inalainika kama siagi kabla ya kuyeyuka kabisa, na katika dakika hizo chache fundi huisukuma kwa kibao cha mbao, kisha huisawazisha kwa tupa. Vumbi lake ni sumu. Sidhani kama wengi wao walijikinga.

Mwaka 1952 Bob Hirohata, Mmarekani mwenye asili ya Kijapani, alipeleka Mercury yake ya 1951 kwa akina Barris. Walishusha paa inchi 4 mbele na inchi 7 nyuma, na siri yote imo katika tofauti hiyo ya inchi 3. Kama wangekata sawasawa, gari lingeonekana limekandamizwa. Kwa kukata zaidi nyuma, mstari wa paa unaanza juu ya dereva na kuteremka hadi kwenye buti bila kukatizwa. Waliondoa pia nguzo za katikati, wakapinda fremu za madirisha. Mapambo ya ubavuni yalitoka kwa Buick ya 1952, na rangi ikawa kijani cha aina mbili, hafifu juu na iliyokolea chini. Bodi nayo ilishushwa karibu na barabara, maana paa fupi juu ya gari refu huonekana kama kofia ya mtoto kichwani mwa mzee.

Mwaka 1953 Hirohata aliliendesha gari hilo hadi Indianapolis akiwa ameliwekea injini ya Cadillac. Miaka miwili baadaye lilionekana katika filamu ya Running Wild. (Mercury ya James Dean katika Rebel Without a Cause, ambayo wengi huihesabu miongoni mwa hizi, haikukatwa paa.) Kisha mtindo ukapoa. Viwanda vya Detroit vyenyewe vilianza kutengeneza magari marefu ya chini, hasa Chrysler mwaka 1957, na kijana angeweza kununua dukani alichokuwa akikilipia gereji. Sam alikuwa amekwisha kurudi upande wa Sacramento, akafariki mwaka 1967.

Mwaka 1959 kijana aliyeitwa Jim McNiel alinunua gari la Hirohata kwa dola 500 tu. Alilishikilia kwa miongo mingi, akalifufua polepole. Mwaka 2015 lilishinda daraja lake katika maonyesho ya magari ya Pebble Beach, na Januari 2022 likauzwa mnadani Florida kwa zaidi ya dola milioni 2. Siku hizi unaweza kuagiza bodi nzima ya Mercury ya faibaglasi, paa limekwisha kushushwa tangu kwenye kalibu. Inaokoa miezi ya kazi. Lakini kila nakala ina mteremko uleule, wakati Sam alipima kila gari upya.