Ngeu, Zabadi na Rangi ya Kucha: Historia ya Kujipamba Itazamwapo Kutoka Tarime na Serengeti

Wapenzi wa lugha tumezoea kuitafuta historia ya Kiswahili katika tenzi, katika hati za kale na katika majina ya miji. Ni mara chache tunaitafuta ndani ya kopo la wanja au chupa ya manukato, ingawa kabati la vipodozi limehifadhi safari za lugha yetu kwa uaminifu mkubwa. Katika makala haya nalifungua kabati hilo nikiwa mkoani Mara, katika wilaya za Tarime na Serengeti, mbali na pwani ambako maneno mengi ya urembo yalitia nanga kwanza. Hoja yangu ni kwamba tunachokiita "cha asili" na tunachokiita "cha kigeni" katika kujipamba mara nyingi hakikuamuliwa na historia ya vitu vyenyewe. Kiliamuliwa na waliokuwa na mamlaka ya kuvipa majina.

Swali hili lilinijia Tarime mjini, ndugu yangu aliporudi kutoka Nairobi kwa njia ya Sirari akiwa na kisanduku cha vipodozi vya toleo maalumu: rangi ya mdomo, rangi ya kucha na kichupa cha manukato. Vyote vilikuwa na jina la mbunifu wa mitindo wa Ufaransa, na maandishi yaliyosema kwamba idadi yake ina kikomo na havitatengenezwa tena. Tulivijaribu sote. Shangazi yetu alinyunyiziwa kidogo kwenye kiganja, akanusa, akatoa hukumu yake: "Inanuka vizuri." Mdogo wetu, aliyesoma Tanga, akamsahihisha papo hapo: "Shangazi, inanukia." Shangazi akamtazama, akasema kwamba kama inanuka vizuri basi inanuka vizuri, na kwamba mafuta ya ng'ombe waliyojipaka ujanani yalikaa mwilini kutwa, wala hayakuondoka kabla ya chai kuiva.

Tuanze na ubishi huo wa nuka na nukia, kwani una mengi ndani yake. Kwa msemaji wa pwani, kinachonuka ni kibaya na kinachonukia ni kizuri. Kiambishi kimoja tu cha kutendea kinaigeuza karaha kuwa raha. Katika bara, ambako wengi wetu tulijifunza Kiswahili juu ya lugha nyingine ya nyumbani, kitenzi nuka kimebaki na maana pana ya kutoa harufu yoyote, na uzuri au ubaya wake huongezwa kwa neno la pili. Simwoni shangazi kuwa mkosefu wa lugha. Manukato yenyewe, neno tunalolitukuza katika mashairi, limetoka katika mzizi huo huo wa nuka. Pwani iliutenga mzizi huo katika njia mbili, na bara haikuona haja.

Kando ya manukato, kabati la pwani limejaa maneno yaliyovuka bahari. Marashi yanatoka katika Kiarabu, katika kitenzi chenye maana ya kunyunyiza, na ndiyo maana chombo cha kunyunyizia maji ya waridi huitwa mrashi. Udi, ambari, miski, hina na zabadi vilikuja kwa njia hiyo hiyo. Rangi ni neno la Kiajemi. Humo humo zimo dalia, liwa, na kikuba cha majani na maua yanukiayo ambacho mwanamke hujichomeka. Mwana Kupona binti Msham alipomtungia bintiye utenzi wa wasia mnamo 1858, hakuyaona mambo haya kuwa ya kipuuzi. Alimuusia juu ya dini na adabu, na katika utenzi huo huo akamwagiza asiache hina wala wanja, na asisahau kufukiza na kunukisha. Kwa mshairi huyo mkuu, kujipamba ni sehemu ya elimu ya mtu mzima, na lugha yake ilikuwa na msamiati wa kutosha kuifundisha.

Basi hapa huanza dhana iliyoenea: kwamba urembo wenye majina ni wa pwani, urembo wenye bei ni wa Ulaya, na bara ilikuwa ikitazama tu. Vitu vyenyewe vinatoa ushahidi mwingine.

Chukua manukato ya Ulaya yaliyo mashuhuri kuliko yote, Chanel No 5, yaliyotengenezwa na Ernest Beaux kwa ajili ya Gabrielle Chanel mwaka 1921. Miongoni mwa maua yake ni langilangi, ua ambalo Mzanzibari hulijua kwa jina hilo tangu utotoni, na ambalo Komoro ni mmoja wa wazalishaji wakubwa kabisa wa mafuta yake duniani. Chini ya maua hayo palikuwa na zabadi, yaani ute wa tezi za ngawa, mnyama ambaye wengine humwita fungo. Kwa karne nyingi Ethiopia imeuza zabadi ikiwa imehifadhiwa katika pembe za ng'ombe, na jina lake la Kifaransa na la Kiingereza limetokana na neno lile lile la Kiarabu lililotupa zabadi. Kampuni ya Chanel imesema kwamba tangu 1998 inatumia zabadi ya maabara badala ya ile ya mnyama.

Ngawa huyo hutembea usiku katika vichaka vya Serengeti, na hakuna anayemtaja kwa marashi. Juu ya majabali ya Serengeti kuna mwenzake, pimbi, ambaye hurudi kukojoa mahali pale pale kizazi baada ya kizazi hadi mkojo na kinyesi chake kinakauka kuwa jiwe. Huko Afrika Kusini jiwe hilo hukusanywa na kuuzwa kwa watengenezaji wa manukato, nao hulitumia kuipa harufu uzito na kuifanya idumu. Mtalii aweza kusimama chini ya jabali la pimbi akiwa amejipulizia harufu ya aina hiyo iliyofika kwake kutoka Paris, asijue kwamba amekutana na ukoo wa manukato yake.

Watu wa Serengeti nao hawakuwa watazamaji katika biashara ya mapambo. Kabla ya ukoloni na mwanzoni mwake, wawindaji wa magharibi mwa Serengeti, wakiwemo Waikoma na Wanata, waliwauzia Wasukuma mikia ya nyumbu, nao Wasukuma wakaitengenezea mapambo ya mwili. Baada ya majanga ya miaka ya 1890, sotoka ilipoua ng'ombe na njaa ikafuata, biashara ya aina hiyo iliwasaidia watu kupata mifugo upya. Wakurya wa Tarime kwa upande wao walijulikana kwa masikio yaliyotogwa na kupanuliwa ndewe zake, kwa shanga, na kwa ngoma ya litungu ambamo wachezaji hupanda juu ya viatu vya mbao vilivyo vinene kama matofali. Mapambo haya yalikuwa na daraja, yalikuwa na umri wa kuvaliwa, na mengine yalivaliwa mara moja tu katika maisha. Maneno "toleo maalumu" kwenye kisanduku cha Ufaransa yangeeleweka mara moja na bibi wa Kikurya wa enzi hizo, labda kwa tofauti moja: kwake uchache wa pambo ulilindwa na rika, haukulindwa na bei.

Iweje basi vitu hivi havikupata nafasi katika Kiswahili cha urembo? Neno ngeu linatoa fununu. Ngeu ni udongo mwekundu, na Kiswahili cha pwani kilikuwa nalo zamani. Lakini kamusi zinatueleza kwamba ngeu ilikuwa ya fundi seremala, ya kupigia mstari kwenye ubao. Udongo huo huo, ukichanganywa na mafuta na kupakwa mwilini na Wamaasai wanaopakana na Serengeti, haukuitwa ngeu wala haukuhesabiwa kuwa kipodozi. Tunasema tu "udongo mwekundu", kana kwamba mtu amejichafua.

Jambo hili halikuishia katika kamusi. Kati ya 1967 na 1968 serikali ya Tanzania iliendesha kampeni ya kuwataka Wamaasai waache rubega na udongo mwekundu, wavae nguo zilizohesabiwa kuwa za kisasa. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ukatangaza Operesheni Vijana, iliyoanza kutekelezwa tarehe 1 Januari 1969, ikipiga marufuku vimini, mawigi, nguo za kubana na krimu za kuchubua ngozi, kwa hoja kwamba vinapingana na utamaduni wa taifa. Tuyaweke mambo haya mawili pamoja, kwani ni ya miezi ile ile na ya mamlaka ile ile. Mmaasai aliambiwa kwamba kujipamba kwake ni kwa kale mno. Binti wa Dar es Salaam aliambiwa kwamba kwake ni kwa kisasa mno. Katikati palibaki njia nyembamba iliyoitwa utamaduni, na upana wake ulipimwa na watu ambao kwa kawaida hawakuwa wanawake wala wafugaji.

Hata hivyo sitaki kuandika kana kwamba kila marufuku ni uonevu. Krimu za kuchubua zina upande wa pili, na Tarime inaujua kwa namna yake. Kiswahili kina neno zebaki, nalo ni la Kiarabu. Wachimbaji wadogo wa dhahabu hutumia zebaki kuikamata dhahabu kutoka katika mchanga, kisha huichoma ili iondoke, na mvuke wake huingia mapafuni. Madini hayo hayo yamekuwa yakitiwa katika baadhi ya krimu na sabuni za kung'arisha ngozi, ambako hupita mwilini na kudhuru figo na neva. Mkataba wa Minamata wa 2013 uliweka mwaka 2020 kuwa ukomo wa kutengeneza, kuingiza na kuuza nje vipodozi vya kung'arisha ngozi vyenye zaidi ya sehemu 1 ya zebaki katika milioni. Mchimbaji anajua kwamba anashika zebaki. Anayejipaka mkorogo mara nyingi hajui, kwa sababu kopo halisemi. Hapo kutaja jina ni suala la afya kabla ya kuwa suala la lugha.

Rangi ya kucha nayo ina historia ya wazi kuliko tunavyodhani. Katika miaka ya 1920 vanishi mpya za nitroselulosi zilibadili upakaji rangi wa magari, na kemia hiyo hiyo ikaleta rangi ya kucha tunayoijua leo. Kampuni ya Revlon ilianzishwa New York mwaka 1932 kwa bidhaa hiyo moja. Kiswahili kiliiita "rangi", neno lile lile la nyumba, mashua na gari, na hakikukosea.

Nimalizie na sarufi, kwa kuwa ndiyo iliyonifundisha zaidi. Kiswahili kinatenganisha kupamba, kujipamba na kupambwa. Katika kila historia niliyoitaja swali ni hilo: nani mtenda, nani mtendwa? Tarime linaulizwa kwa uchungu zaidi kila msimu wa tohara unapofika. Baadhi ya wasichana waliokeketwa huvishwa kanga, hutunzwa zawadi na kusindikizwa kwa nyimbo barabarani, ingawa sheria ya 1998 inakataza kumkeketa msichana aliye chini ya umri wa miaka 18. Msichana huyo amepambwa, hakujipamba. Kanga itavuliwa jioni, jeraha halitavuliwa. Wapo wanaokataa, na kituo cha Masanga kimewapokea wengi na kuwapa sherehe ya kuvuka rika isiyo na kisu. Huko nako wanaimba, wanacheza na kupendeza, ushahidi kwamba pambo halikuwahi kuhitaji jeraha.

Kwa hiyo nawaomba malenga wenzangu jambo moja. Tuna mashairi mengi yanayomsifu mwanamke aliyepambika, nayo karibu yote yananukia udi na asumini. Tunayo machache yanayosemwa na mwenye kujipamba mwenyewe, na machache zaidi yanayotoka bara, yenye samli, ngeu, shanga na mkia wa nyumbu. Tulirudishe neno ngeu mwilini. Tumtaje ngawa pamoja na zabadi yake. Na anayesema "inanuka vizuri" tumwache amalize sentensi yake, kwani huenda ana beti ambazo pwani haijapata kuzisikia.