Pokémon Gold na Silver: Kwa nini gemu moja ilitoka mara mbili?

Ukikutana na kaseti mbili za Pokémon, moja ya rangi ya dhahabu na nyingine ya fedha, usidhani tofauti ni rangi tu. Ndani kuna hadithi moja, ramani moja, lakini viumbe wa kukamata hawalingani. Hapo ndipo penye siri.

Zilitoka lini?

Gemu hizi zilitengenezwa na Game Freak ya Japani na kutolewa na Nintendo huko Japani tarehe 21 Novemba 1999. Marekani zilifika Oktoba 2000, Ulaya mwaka 2001. Zilichezwa kwenye Game Boy, ile mashine ndogo ya kushika mkononi, na kwenye Game Boy Color zilionekana kwa rangi kamili. Mtindo wa kutoa mbili mbili ulianza na Red na Green mwaka 1996.

Unachezaje?

Unaanza na kiumbe mmoja: Chikorita, Cyndaquil au Totodile. Unazunguka eneo la Johto ukikamata wengine, unawafundisha kupigana na unakusanya beji 8. Ukidhani umemaliza, kumbe bado! Unavuka hadi Kanto, eneo la gemu za mwanzo, kutafuta beji 8 nyingine.

Viumbe wapya 100 waliongezwa, jumla wakawa 251. Pia kuna saa ya kweli ndani ya kaseti. Hoothoot hutoka usiku, na Lapras humpati pangoni ila siku ya Ijumaa.

Kwa nini mbili?

Mwenye Gold anampata Growlithe, lakini Vulpix hamuoni kabisa porini. Mwenye Silver ni kinyume chake. Dawa ni moja: tafuta rafiki mwenye kaseti nyingine, unganisheni mashine kwa waya, mbadilishane. Wengine kama Haunter hawabadiliki kuwa Gengar mpaka wapitie kwenye huo waya.

Kwa hiyo ni biashara, ndiyo, lakini pia ni ujanja wa kuwakutanisha watu. Ukicheza peke yako hukamilishi. Hata Gold na Silver pamoja hazitoshi, maana Charmander na Mewtwo lazima watoke kwenye gemu za zamani.

Kama unayo kaseti, soma hapa

Ile saa inakula betri. Ndani ya kaseti kuna betri ndogo ya duara aina ya CR2025, na ndiyo inayotunza pia kila ulichohifadhi. Ikiisha, safari yako yote inafutika: beji, viumbe, hata jina lako. Betri imechomelewa kwenye bodi, hivyo kuibadilisha ni kazi ya fundi, na akiitoa tu hivi hivi, kilichohifadhiwa kinapotea. Kama kuna viumbe unaowapenda, wahamishie kwenye kaseti yenye betri nzima kwanza.

Toleo jipya la gemu hizi, HeartGold na SoulSilver, lilitoka Japani mwaka 2009 kwa Nintendo DS. Nalo pia, bila shaka, lilikuja mbili mbili.

Wewe ungechagua ipi, Gold au Silver? Na rafiki yako je?