Mompox

Mompox (pia Mompós, jina kamili Santa Cruz de Mompox) ni mji wa Kolombia katika jimbo la Bolívar, ukanda wa Karibi, kando ya mkono mmoja wa mto Magdalena. Wahispania waliuanzisha kati ya 1537 na 1540, ukaja kuwa bandari kuu ya mto baina ya Cartagena, iliyoko pwani, na nyanda za juu za Bogotá. Kwa kuwa ulikuwa mbali na bahari, maharamia walioiandama Cartagena hawakuufikia kwa urahisi, na matajiri wakaweka mali zao huko. Bidhaa za Ulaya zilipanda na mto, dhahabu na fedha zikateremka, na magendo yalipita humo humo.

Utajiri huo ulibebwa na wanamaji wa mto walioitwa *boga*, na haifai kuyataja majumba ya mji kabla yao. Mwanzoni walikuwa wenyeji wa asili. Baadaye kazi ikawaangukia Waafrika waliotiwa utumwani na wazao wao. Walikita pondo kwenye matope, wakaegemeza ncha ya juu kifuani, wakatembea toka omo hadi tezi wakiisukuma mashua kinyume cha mkondo, kisha wakarudi kuanza upya. Kupanda hadi mji wa Honda, upande wa juu wa mto, kulichukua wiki kadhaa za jua kali na mbu. Mwanasayansi Mjerumani Alexander von Humboldt alisafiri hivyo mwaka 1801.

Tarehe 6 Agosti 1810 Mompox ilitangaza uhuru kamili kutoka Hispania, miongoni mwa miji ya kwanza kabisa kufanya hivyo katika koloni la Granada Mpya. Mwaka 1812 Simón Bolívar, kiongozi wa vita vya uhuru, alipata hapo wapiganaji wapatao 400.

Anguko la mji lilitoka mtoni. Magdalena hubeba mashapo mengi na hubadili njia. Katika karne ya 19 maji yalizidi kuelemea mkono wa Loba, upande wa magharibi, na mkono wa Mompox ukapungua kina. Meli za mvuke, zilizoanza kupita Magdalena miaka ya 1820, hazikuweza kuufuata mkondo unaojaa mchanga. Zikashika njia ya Loba, na shughuli za bandari zikahamia mji wa Magangué, ulio kwenye mkono huo.

Pesa za kubomoa na kujenga upya hazikuwapo tena, kwa hiyo mji wa kikoloni ulibaki karibu wote: nyumba zenye madirisha ya nondo za chuma, ukuta wa Albarrada uliozuia mafuriko, na kanisa la Santa Bárbara lenye mnara wa pembe nane unaozungukwa na roshani. UNESCO iliuingiza katika Urithi wa Dunia mwaka 1995. Masonara wake wangali wanavuta fedha mpaka iwe uzi mwembamba, wanausokota, wanaukunja ndani ya fremu ndogo na kuulehemu kuwa hereni na vipini. Hadi daraja la kuvuka mkono wa Loba lilipofunguliwa mwaka 2020, magari yaliyotoka upande wa Magangué yalivushwa kwa pantoni.