Siku Kabla ya Mwaka: Tarehe za Maziko katika Maandishi ya Makaburi ya Wakristo wa Roma

Kulitambua kaburi la Mkristo miongoni mwa maandishi ya Kilatini ya mji wa Roma si jambo jepesi. Jiwe la Licinia Amias, la mwanzoni mwa karne ya 3, linaanza kwa herufi D M, kifupi cha dis manibus, maneno ambayo Warumi waliyatumia kuliweka kaburi wakfu kwa mizimu ya wafu. Hata hivyo, chini ya herufi hizo wamechongwa samaki wawili na nanga, pamoja na maneno ya Kigiriki yanayomtaja samaki wa walio hai, ambaye ni Kristo. Inaelekea kwamba herufi D M zilikuwa zimebaki kuwa mazoea ya wachongaji tu. Kwa hiyo, ishara hiyo peke yake haithibitishi imani ya marehemu.

Dalili iliyo madhubuti zaidi ni tarehe. Kwa kawaida, maandishi ya Warumi wasio Wakristo yalitaja umri wa marehemu bila kutaja siku aliyofariki. Wakristo waliendelea kuutaja umri, lakini, hasa kuanzia karne ya 4, waliongeza neno depositus au deposita, yaani “amelazwa”, na kufuatiwa na siku ya maziko iliyohesabiwa kwa Kalendae, Nonae au Idus. Neno hilo lina uhusiano na depositum, ambalo katika sheria ya Kirumi lilimaanisha amana: mali iliyowekwa kwa mtu ili irudishwe kwa mwenyewe.

Mwaka, uliotambulishwa kwa majina ya makonsuli, mara nyingi haukuandikwa. Giovanni Battista de Rossi, aliyechapisha mwaka 1861 juzuu la maandishi ya Kikristo ya Roma yenye tarehe za makonsuli, alishughulikia sehemu ndogo tu ya maandishi yote yanayojulikana. Kwa mtafiti anayetaka kupanga mfuatano wa nyakati, huo ni upungufu mkubwa. Lakini upungufu huo wenyewe ni ushahidi. Orodha ya maziko ya mashahidi iliyohifadhiwa katika Kronografia ya mwaka 354 nayo hutaja siku na mahali pa kaburi. Mwaka hutajwa kwa nadra.

Sababu yake iko katika ibada. Tayari mwanzoni mwa karne ya 3, Tertullianus wa Carthago alieleza kwamba waamini walitoa sadaka kwa ajili ya wafu kila ilipotimia siku yao ya mwaka. Aliyehitaji kurudi kaburini kila mwaka alihitaji kuijua siku. Mwaka wenyewe haukumsaidia. Hivyo, maandishi haya hayakukusudiwa kuwa kumbukumbu za historia. Yalikuwa kalenda ya walio hai, na mtafiti anayeyasoma kama rejista ya vifo huyatafutia jibu la swali ambalo waandishi wake hawakuliuliza.