Kindu, Novemba 1961: wanajeshi 13 wa anga waliotua bila silaha

KINDU, MANIEMA – Jumamosi tarehe 11 Novemba 1961, saa nane mchana ikiwa imepita kidogo, ndege mbili za mizigo zilitokea juu ya Kindu. Zilizunguka juu ya mji, kisha zikatua uwanjani. Ndani yake kulikuwa na Waitaliano 13 wa jeshi la anga: marubani, mafundi, watu wa redio, pamoja na daktari mmoja. Walikuwa katika kazi ya Umoja wa Mataifa, na mzigo waliobeba ulikuwa wa askari wa Malaya waliolinda uwanja huo. Hawakuwa na bunduki wala bastola. Kabla ya kesho yake kupambazuka wote walikuwa wamekufa.

Huko Italia watu hawa wana kaburi lao, wana medali, na barabara za miji kadhaa zinaitwa kwa jina la Kindu. Huku Kongo kisa chao kimemezwa na misiba mingine ya miaka ile, nayo ilikuwa mingi. Kinapotajwa, husemwa tu kwamba basoda wa Kindu waliua wazungu. Ni kweli waliwaua. Lakini kwa nini mtu wa Kindu, akiinua macho siku ile na kuona ndeke mbili, aliona vita badala ya kuona chakula na vifaa?

Jibu linaanzia Julai 1960. Uhuru ulikuwa na siku chache tu pale askari wa Force Publique walipoasi. Katika jeshi hilo hapakuwa na ofisa Mkongomani hata mmoja. Mtu aliweza kutumikia miaka ishirini na kuishia kuwa sajini, akipigiwa kelele na luteni kijana aliyefika juzi kutoka Brussels. Ubelgiji ilijibu uasi huo kwa kutuma askari wa miamvuli, bila kuombwa na serikali ya Lumumba. Baadhi ya ndege zilizowabeba zilikuwa za aina ya C-119: tumbo pana kama bohari, injini mbili, na mkia wa mihimili miwili ambao mtu akishauona mara moja hausahau.

Ndege mbili zilizotua Kindu mwaka uliofuata zilikuwa C-119.

Jambo hili halitajwi mara nyingi, na huenda ndilo lenye uzito kuliko yote. Waitaliano wa Kikosi cha 46, wenye makao yao Pisa, walikuwa wakirusha ndege ileile ambayo jeshi la anga la Ubelgiji lilikuwa nayo. Marekani ndiyo iliyozitengeneza, na nchi kadhaa za Ulaya zilizipata. Rubani anajua ndege kwa alama na namba zake, na kwa jina analoitwa redioni. Mtu aliye chini anaijua kwa umbo lake na sauti yake.

Kisha ikaja Katanga. Tshombe alitangaza kujitenga tarehe 11 Julai 1960, na kati ya vitu alivyovitafuta mapema ni ndege za kivita. Mwanzoni mwa 1961 alipata ndege tatu za Fouga Magister kutoka Ufaransa. Fouga ni ndege ndogo ya kufundishia marubani, yenye injini mbili za jeti na mkia wa umbo la V, ila inaweza kufungwa bunduki za rashasha na mabomu madogo. Kufikia Septemba ilibaki moja tu inayoruka. Hiyo moja ilitosha. Umoja wa Mataifa ulipoanza operesheni yake Katanga tarehe 13 Septemba haukuwa na ndege hata moja ya kivita, kwa hiyo Fouga ile ilizunguka peke yake angani, ikawapiga Waireland waliozingirwa Jadotville, leo Likasi, na ikawafanya wakubwa wa ONU waogope kusafiri mchana. Dag Hammarskjöld, Katibu Mkuu, aliposafiri kwenda kuonana na Tshombe, ndege yake ilipita njia ya mzunguko na kuruka usiku. Ilianguka karibu na Ndola usiku wa tarehe 17 kuamkia 18 Septemba. Watu wote 16 waliokuwamo wakapoteza maisha.

Marubani wa Katanga walikuwa mamluki, wazungu waliolipwa kwa mkataba, na wengi wao walijifunza kazi katika majeshi halali. Huu ni upande wa maisha ya wanajeshi wa anga ambao haupendezi kuusema katika sherehe za majeshi. Jan Zumbach, Mpolandi aliyepigana na Wajerumani akiwa katika kikosi maarufu cha 303 huko Uingereza, na hata kukiongoza, alikuja 1962 kuijenga upya anga ya Tshombe. Miaka mitano baadaye alikuwa Biafra akifanya kazi kama hiyo. Jerry Puren wa Afrika Kusini naye alitumikia Katanga. Wote wawili walizeeka na kuandika vitabu juu ya maisha yao. Ukisoma vitabu vya watu wa aina hiyo unakutana na ndege, bunduki, mishahara na dharau kwa wanasiasa. Watu walio chini ya mabomu ni wachache sana ndani yake.

Waitaliano wa C-119 walikuwa watu wa namna nyingine kabisa. Ndege za mizigo zina utamaduni wake jeshini. Hakuna anayehesabu maadui walioangushwa. Wanahesabu tani walizobeba, saa walizoruka, na viwanja vibovu walivyotua bila kuvunja gurudumu. Watu wa ndege za kivita mara nyingine huwatania kwamba ni madereva wa malori. Lakini ONU isingeishi hata juma moja Kongo bila malori hayo ya angani, kwa kuwa nchi ni pana, reli zilikatika na barabara zilifungwa. Meja Amedeo Parmeggiani, aliyeongoza ndege ya kwanza, na Kapteni Giorgio Gonelli wa ndege ya pili, walikuwa katika kazi hiyo. Walikuwa wamebakiza chini ya majuma mawili warudi kwao.

Mji waliotua haukuwa katika hali ya kawaida. Kindu ilikuwa imejaa askari wa ANC waliotoka upande wa Stanleyville, leo Kisangani, wapatao 2,000, wakielekea kusini kupigana na Katanga. Antoine Gizenga, makamu wa waziri mkuu katika serikali ya Adoula, alikuwa amerudi Stanleyville mwezi uliotangulia na hakuonyesha haraka ya kurejea Leopoldville. Kwa hiyo askari wa Kindu walikuwa jeshi la taifa kwa jina, lakini kila kikosi kilimsikiliza aliyemtaka, na mara nyingine hakikumsikiliza mtu. Habari zilizozunguka kati yao zilikuwa ni za ndege za Tshombe zinazopiga askari wa serikali, na za askari wa miamvuli watakaoshuka wakati wowote. Nusu ya habari hizo ilikuwa kweli, na nusu hiyo ndiyo iliyofanya zote ziaminiwe.

Katika hali hiyo, ndege mbili zenye umbo la Julai 1960 zikazunguka juu ya paa za nyumba. Kwa rubani, kuzunguka kabla ya kutua ni uangalifu wa kawaida: anatazama njia ya kutulia na upepo. Kwa askari aliyengoja kushambuliwa, ndege inayozunguka inatafuta pa kupiga.

Waitaliano waliposhusha walichoshusha, walikwenda na maofisa wa Malaya kula chakula katika nyumba ya maofisa, umbali wa kama kilomita moja kutoka uwanjani. (Malaya wakati huo ilikuwa bado haijaitwa Malaysia; jina hilo lilikuja 1963.) Huko ndiko walikofuatwa. Askari wapatao 80 waliizingira nyumba, wakaingia, wakawapiga. Daktari, Luteni Francesco Paolo Remotti, aliuawa alipojaribu kutoroka. Wengine 12 walipelekwa mjini na kutupwa gerezani. Mkuu wa Wamalaya alijaribu kuzungumza na Kanali Alphonse Pakassa, aliyekuwa na amri juu ya askari wa Kindu, ili wafungwa waachiliwe. Mazungumzo hayakuzaa kitu. Usiku askari waliingia gerezani na kuwapiga risasi wote.

Tangu siku hiyo kuna swali moja linalofuata kisa hiki: je, wangekuwa na silaha ingekuwaje? Katika majeshi mengi ya anga, bastola ya rubani ni kitu cha siku ya ajali, pale ndege inapoanguka porini au katika nchi ya adui. Haikuwekwa kiunoni kwa ajili ya kuteka au kulinda mji. Bastola 13 mbele ya bunduki 80, katika mji wenye askari 2,000, zingefanya kazi kwa dakika chache tu. Zingetoa pia kitu ambacho wale askari walikuwa wakikitafuta: ushahidi kwamba hawa ni mamluki. Kwa upande mwingine, kukosa silaha hakukuwasaidia hata kidogo. Walioishi kwa imani kwamba mikono mitupu inaonyesha nia njema walisahau kwamba ishara inahitaji mtu wa kuisoma, na askari wa Kindu walikuwa wamefundishwa na mwaka mzima wa vita kusoma rangi ya ngozi na umbo la ndege.

Wamalaya walikuwa na silaha, nao hawakuzitumia kuvunja gereza. Wengine waliwalaumu kwa hilo. Ni rahisi kulaumu ukiwa mbali. Kikosi kidogo kikianza kupigana usiku katikati ya mji uliojaa askari, wafu wasingekuwa 13, na wakaaji wa Kindu, ambao hakuna aliyewauliza lolote, wangekuwa kati yao. Hata hivyo kungoja kulikuwa na bei yake.

Halafu habari zikafanya kazi yake tena, safari hii kwa upande wa pili. Magazeti ya Ulaya na Marekani yaliandika kwamba miili ilikatwakatwa na kutupwa katika mto Lualaba, na wengine wakaongeza mambo ya ulaji wa watu. Mwezi Februari 1962 miili ilipatikana: ilikuwa imezikwa Tokolote, kando ya mji. Uvumi uliowaita Waitaliano askari wa miamvuli wa Ubelgiji uliwaua; uvumi uliowaita watu wa Kindu wala nyama za watu ulizunguka dunia, na kusahihishwa kwake hakukupata nafasi kubwa kama ile.

Hayo hayaondoi hatia ya waliofyatua risasi. Waliowaua watu waliokwisha kufungwa hawakuwa na hofu ya ndege yoyote saa ile. Mfungwa aliye gerezani si rubani tena. Na haikuishia hapo. Tarehe 1 Januari 1962, majuma saba baadaye, huko Kongolo, kaskazini mwa Katanga, askari wa ANC waliua wamisionari 20 Wakatoliki wa Shirika la Roho Mtakatifu. Mwezi huohuo Gizenga alikamatwa. Huko New York, Baraza la Usalama lilikuwa limekwisha kupitisha azimio namba 169 la tarehe 24 Novemba 1961, lililoruhusu ONU kutumia nguvu kuwaondoa mamluki Katanga. Ndege za kivita za Sweden, Ethiopia na India zilikuwa tayari Kongo tangu Oktoba, kwa sababu ya ile Fouga moja, na mwishoni mwa Desemba 1962 ndege za Sweden ziliziharibu ndege za Tshombe zikiwa chini, Kolwezi na kwingineko.

Miili ya Waitaliano ilifika Pisa Machi 1962. Ilizikwa katika jengo la ukumbusho kwenye mlango wa uwanja wa ndege ambako kikosi chao kipo mpaka leo. Serikali ya Italia iliwapa medali ya dhahabu ya ushujaa mwaka 1994, miaka 33 baada ya kifo, na ndugu zao waliona kuwa imechelewa. Kikosi hicho cha 46 hakikuacha kazi ya kubeba mizigo. Septemba 1992 ndege yake moja iliyopeleka mablanketi Sarajevo ilipigwa kombora, na watu wanne waliokuwamo wakafa.

Na Kindu? Ndege zenye silaha ambazo watu waliziogopa mwaka 1961 zilikuja kweli, miaka mitatu baadaye. Mwaka 1964 Wasimba waliuteka mji. Mwanzoni mwa Novemba mwaka huo safu ya Kanali Vandewalle wa Ubelgiji, yenye askari wa ANC na mamluki, ilitokea kusini kuukomboa, ikisaidiwa na ndege za B-26. Marubani walikuwa Wakuba waliokimbia serikali ya Fidel Castro, wakilipwa na CIA. Tarehe 5 Novemba waliingia Kindu.