Zayandeh Rud: Mto Uliofurahisha Isfahan



Ikitajwa Isfahan, nchini Iran, wengi hukumbuka misikiti yake ya vigae vya buluu. Lakini mji ule umelelewa na mto. Zayandeh Rud, yaani mto uletao uhai, huanzia milima ya Zagros, hupita katikati ya mji na kuishia katika kinamasi cha Gavkhuni, jangwani.

Mwaka 1598 Shah Abbas wa Kwanza, mtawala wa dola ya Safawi, aliufanya Isfahan makao makuu. Jemadari wake, Allahverdi Khan, akasimamia ujenzi wa daraja la matao 33, lililomalizika mwaka 1602. Ndiyo maana huitwa Si-o-se-pol, daraja la thelathini na tatu. Karibu na mwaka 1650, Shah Abbas wa Pili akajenga la Khaju. Hili ni daraja na pia kizuizi cha maji: milango yake ikifungwa, maji hupanda upande wa juu, bustani hunyweshwa na mto huwa kama ziwa. Shah alikuwa na chumba chake katikati ya daraja cha kutazamia, na wananchi wana ngazi za mawe za kukalia. Hadi zama zetu familia huja pale jioni na chai yao, na wazee huimba chini ya matao, maana sauti huvuma vizuri.

Wanafunzi wazingatie jambo hili: starehe ile ilisimama juu ya mgao. Hati ya kale, inayonasibishwa na mwanachuoni Sheikh Bahai, iliugawa mto mafungu 33, na kila eneo likajua haki yake na wakati wake.

Katika zama hizi mizani imeharibika. Ukame, kilimo cha upande wa juu, viwanda na mabomba yanayopeleka maji mji wa Yazd vimeumaliza mto. Tangu takriban mwaka 2000 hukauka kwa miezi mingi. Novemba 2021 maelfu ya watu, wakulima wakiwa mbele, walikusanyika juu ya mchanga wake mkavu kudai maji. Yanapofunguliwa kwa muda, mji mzima hutoka kuyalaki kama siku ya Idi.

Mtume (s.a.w.) ametukataza israfu ya maji hata tukitawadha kwenye mto unaopita. Basi na anayekaa juu ya mto amkumbuke aliye chini yake.

Wabillahi tawfiq.