Mfunguo au Mfungo? Historia ya Baadhi ya Maneno ya Ramadhani katika Kiswahili

Katika hesabu ya miezi ya Kiislamu, ambayo kichwa chake ni Muharram, Ramadhani ni mwezi wa tisa. Katika hesabu ya Waswahili wa pwani, Ramadhani ndio mwezi wa mwisho. Shawwal, unaoufuata, huitwa Mfunguo Mosi. Dhulqaada ni Mfunguo Pili. Dhulhijja, mwezi wa Idi ya kuchinja, ni Mfunguo Tatu. Na Muharram wenyewe, pamoja na ukubwa wake kwa Waarabu, huwa ni Mfunguo Nne tu. Maulidi husomwa katika Mfunguo Sita. Hesabu hii huendelea hadi Mfunguo Kenda, na baada ya hapo huja miezi mitatu iliyobakia na majina yake ya Kiarabu: Rajabu, Shaabani na Ramadhani. Hivyo watu waliopokea dini, sheria na kalenda kutoka ng'ambo ya bahari waliupanga mwaka wao upya, wakaufanya uanzie pale saumu inapokwisha.

Mpango huo si wa jana. Edward Steere aliyaorodhesha majina hayo katika kitabu chake cha sarufi ya Kiswahili cha Unguja, kilichotolewa mwaka 1870, na kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 nayo imeyahifadhi. Hata hivyo, katika kalenda nyingi na matangazo ya siku hizi husomwa "Mfungo Mosi", "Mfungo Tatu", "Mfungo Sita". Ni irabu moja tu iliyodondoka, na kwa sikio la msemaji wa haraka tofauti haisikiki sana. Kwa mwanafunzi wa lugha, tofauti hiyo ni kubwa kama ile ya mlango uliofungwa na mlango uliofunguliwa. Kitenzi "funga" huzaa "mfungo". Kikitiwa kiambishi cha kutengua huwa "fungua", kama "kunja" na "kunjua" au "fuma" na "fumua", na kutoka hapo hupatikana "mfunguo". Majina mawili haya hayawezi kushika nafasi moja bila ya maana kupinduka.

Wako wanaoitetea "mfungo" kwa hoja kwamba maana yake ni mwezi wa kwanza, wa pili au wa tatu tangu mfungo upite. Hoja hiyo haina nguvu. Lau neno lingekuwa "mfungo", lingestahili kwanza kuwa jina la Ramadhani yenyewe, ambao ndio mwezi wa kufunga. Nao haumo kabisa katika hesabu ya majina hayo tisa. Matumizi yameenea, na huenda yakashinda, maana lugha haiongozwi na mantiki peke yake. Lakini kuenea si ushahidi wa asili.

Ushahidi mwingine umo katika chakula. Kwa Kiarabu, mzizi mmoja wa f-t-r ndio unaotoa jina la mlo wa kuvunja saumu, jina la chakula cha asubuhi, na jina la Idi ya Shawwal. Kiswahili kiliupokea mzizi huu kwa kuchagua. Kikachukua "futari" na "kufuturu" kwa ajili ya mlo wa magharibi. Kikachukua "fitri" kwa Idi na kwa zaka yake, ambayo pwani hupimwa kwa pishi moja, yaani vibaba vinne. Lakini chakula cha asubuhi hakikupewa jina la mzizi huo. Chenyewe huitwa kifungua kinywa au chamshakinywa, na pia staftahi, neno ambalo nalo asili yake ya Kiarabu ni kufungua. Fikira ya kufungua, basi, ilikwisha kuota mizizi katika msamiati wa kula. Katika sehemu nyingi za Tanzania "futari" imekwenda mbele zaidi: si wakati wa kula tu, bali ni chakula chenyewe, yaani muhogo, viazi vitamu, ndizi au maboga yaliyopikwa kwa tui la nazi. Mtu huweza kupika futari hata kama si Ramadhani, na hapana anayemcheka.

Mlo wa pili una historia tofauti. Waarabu huuita "suhuri", kwa kuunasibisha na saa za mwisho wa usiku kabla ya alfajiri. Neno hilo wanavyuoni wa pwani walilijua vyema, kwa kuwa limo katika vitabu vya fikihi walivyosomesha. Lakini majumbani halikuingia. Watu walisema, na bado wanasema, "daku", neno lisilofanana na "suhuri" hata kidogo. Wala halikupata kitenzi chake: hufuturu mtu, lakini daku huliwa. Wapiga ngoma wanaopita mitaani usiku kuwaamsha waliolala huitia daku, hawaitii suhuri.

Jambo moja zaidi husahauliwa na wanaojadili "mfunguo" kwa sarufi peke yake. Siku ya Waswahili huanza jua linapotua, na ndiyo sababu usiku unaotangulia mchana wa Ijumaa huitwa usiku wa Ijumaa. Kwa hesabu hiyo, daku ya kwanza huliwa mwezi wa Ramadhani ukiwa umekwisha kuingia tangu magharibi. Na siku ya mwisho, ikiwa ni ya ishirini na tisa au ya thelathini, mfungaji huvumilia mpaka jua lizame, na jua likizama Ramadhani imetoka. Tende anayoitia kinywani kufungua saumu yake ya mwisho huila akiwa tayari yumo katika Mfunguo Mosi, na usiku huo hapana daku.